Mkutanoni tunanyoosha mikono, njiani tunalalamika

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini hujambo na familia yako. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 36, nalima mpunga na mboga, na asubuhi nauza maandazi hapa kijijini nilikoolewa, mkoani Morogoro. Nimesoma hadi kidato cha nne. Naomba jina langu na la kijiji yasitajwe.

Kijijini kwetu kuna eneo la kama ekari 9, kati ya shule ya msingi na kisima. Tangu niolewe naambiwa ni eneo la zahanati, siku fedha zikipatikana. Kwa sasa watoto wanachezea mpira na kiangazi watu wanafunga mbuzi. Mwezi uliopita tuliitwa kwenye mkutano. Kabla ajenda hazijasomwa, likazungushwa kaunta buku la mahudhurio, kalamu imefungwa kwa uzi, kila mtu akaandika jina na kutia saini. Kisha mwenyekiti akasema kuna mfanyabiashara anataka kuweka mashine ya kukoboa mpunga na ghala pale, kijiji kitapata maendeleo, vijana watapata ajira, na halmashauri ya kijiji imeshaliona jambo hilo. Akauliza, "Wanaoafiki?" Mikono ikapanda. "Wanaopinga?" Kimya. "Makofi kwa mgeni wetu." Tukapiga makofi. Yote hayo hayakuzidi dakika 10.

Mimi pia nilinyoosha mkono.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na akina mama wenzangu. Mmoja akasema, "Sasa hiyo zahanati wataijenga wapi, juu ya mti?" Mwingine akasema mtoto wake ndiye atakayekuwa anapishana na malori akienda kuchota maji. Kila mmoja alikuwa na lake. Kesho yake mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji alikuja kununua maandazi, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hata yeye hakulipenda lile jambo, "lakini ningefanyaje, wenzangu wote walishakubali."

Halafu mikutano yenyewe watu hawaji. Kaya ziko zaidi ya 400, siku ile hatukufika watu 80. Mama mkwe anasema zamani walikuwa wanajaa hadi wengine wanasimama. Siku hizi wanajaa siku ya majina ya mbolea ya ruzuku tu. Mapato na matumizi mwaka huu sijasikia yakisomwa hata mara moja. Ukiuliza unaitwa mjuaji, mchochezi, au unaambiwa umetumwa na chama fulani. Kuna kijana alisimama akauliza fedha za mnada wa ng'ombe zimeliwa na nani. Tangu siku hiyo wanamwita "Mheshimiwa" na wanamcheka. Alipofiwa na babu yake, watu waliokwenda kulala msibani walihesabika, na kila mtu aliliona hilo.

Nilimwambia mume wangu kwamba mkutano ujao nitauliza. Akanijibu, "Funika kombe mwanaharamu apite." Mama mkwe akasema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho, na kwamba mimi ni mtu wa kuja. Kwenye kikundi chetu cha VICOBA, mwenyekiti wetu, ambaye ni shemeji yake mwenyekiti wa kijiji, alinitania mbele ya wenzangu nipunguze mdomo. Nina mkopo wa laki tatu pale.

Ile siku ya njiani nilirekodi kwa simu maneno ya wale akina mama. Nawaza kuituma sauti hiyo kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, ili ijulikane kwamba watu hawakukubali. Au ninyamaze kama wengine? Watu wa hapa ni waoga, Mwalimu, na hawajali. Nijitoe mhanga kwa faida ya nani?

Mnyamavu, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hiyo sauti. Usiitume, na ifute leo. Wale akina mama walisema wakiwa wanatembea na mwenzao, hawakujua kwamba wanarekodiwa. Ukiituma, kesho yake kila mmoja atakana maneno yake, na atakayekana kwa nguvu zaidi ni yule aliyekuwa anakuunga mkono zaidi, kwa sababu ndiye mwenye cha kupoteza. Utakuwa umewaaibisha watu unaowahitaji. Tena maneno ya kundi la WhatsApp yanaweza kukupeleka kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na mtu anayetaka kukunyamazisha atafurahi ukimpa njia rahisi namna hiyo.

Sasa hilo la kwamba watu wa hapo ni waoga na hawajali. Hilo nalikataa, na ushahidi umeuandika wewe mwenyewe katika mstari mmoja mfupi: ulinyoosha mkono. Aliyekaa nyuma yako aliuona mkono wako ukipanda, akajisemea, "Hata huyu wa maandazi, mwenye akili zake, amekubali. Basi nimebaki peke yangu." Naye akanyoosha wake. Wa nyuma yake akaona mikono miwili. Yule mjumbe aliyekuja kununua maandazi alifanyiwa hivyo hivyo ndani ya halmashauri ya kijiji, tena mapema kuliko wewe. Usiku ule kijiji kizima kililala na siri ya aina moja, kila mtu akidhani ni yake peke yake, na kila mtu akiwahukumu majirani zake kama unavyowahukumu wewe.

Jambo hili limepimwa. Wachumi watatu walichapisha mwaka 2020 utafiti walioufanya Riyadh, Saudi Arabia. Waliwakusanya vijana wa kiume waliooa, kwa makundi, wanaotoka mitaa inayojuana, wakawauliza kwa siri kama wanaona ni sawa mwanamke kufanya kazi nje ya nyumba. Wengi mno walisema ndiyo. Kisha wakaulizwa: unadhani wenzako humu ndani wangapi wamesema ndiyo? Hapo wengi wakataja idadi ndogo kuliko ile halisi. Kila mmoja alikuwa na msimamo ule ule wa jirani yake na hakujua. Nusu yao wakaonyeshwa majibu ya kweli ya chumba kile. Hao walioonyeshwa ndio waliojitokeza zaidi kuwaandikisha wake zao kwenye huduma ya kutafutiwa kazi. Hakuna aliyewahubiria. Walichoambiwa ni idadi tu.

Kwa hiyo kazi yako si kuwatia watu ujasiri ambao hawana. Kazi yako ni kuwafanya wajuane. Hizo ni kazi mbili tofauti, na hiyo ya pili inawezekana hata kwa mtu mwenye mkopo wa VICOBA.

Tuje kwenye hofu yako. Umenitajia mkopo, mume, mama mkwe na kutaniwa, lakini nimesoma barua yako nikaona jambo moja limekukaa rohoni kuliko yote: msiba wa yule kijana. Nakuelewa. Kwetu sisi mtu haogopi sana kushtakiwa kama anavyoogopa siku atakapofiwa watu wasije. Hiyo ndiyo adhabu kubwa tuliyo nayo, na haihitaji hakimu. Nani atachota maji, nani atapika, nani atabeba jeneza, nani atalala sebuleni kwenye mkeka siku tatu. Mtu akishapiga hesabu hiyo, ekari 9 zinakuwa jambo dogo.

Nami sikwambii kwamba hofu hiyo ni ya kipuuzi. Nakwambia uiangalie vizuri. Yule kijana aliuliza fedha "zimeliwa na nani". Hapo hakuuliza, alihukumu, tena mbele ya wazee na wakwe zao. Huenda alisema kweli, sijui. Lakini waliomcheka hawakumcheka wote kwa sababu aligusa fedha. Wako waliochukia mkubwa kuvuliwa nguo hadharani na kijana. Kutenganisha mambo hayo mawili ni muhimu kwako, kwa sababu la kwanza ni haki yako na la pili unaweza kuliepuka. Halafu jiulize yeye misibani kwa wenzake huwa anakwenda? Mtu anayeonekana kwenye kila msiba, mwenye sufuria lake la maandazi tangu alfajiri, ni mgumu sana kutengwa, kwa sababu kila nyumba inamdai yeye kidogo na yeye anaidai kila nyumba. Ninavyokusoma, wewe uko upande huo.

Na usidhani watu wako hawajui kuhoji. Nenda kwenye kikao cha harusi hapo hapo kijijini. Utamkuta katibu na daftari, mhazini na bahasha, bajeti imeandikwa kipengele kwa kipengele, na mama yule yule aliyekaa kimya mkutanoni anasimama: kreti za soda juzi zilikuwa 12, leo zimekuwaje 15? Mhazini anajibu, na asipojibu hatoki. Hakuna anayemwita mama yule mchochezi. Anayeuliza kuhusu soda anaonekana anaisaidia shughuli ifanikiwe. Anayeuliza kuhusu fedha za kijiji anaonekana ana ugomvi na mtu. Watu ni wale wale, ubongo ni ule ule, na uzoefu wa kukagua mahesabu wanao.

Tofauti hiyo haikuanguka kutoka mbinguni, na hapa nataka kumjibu mama mkwe wako kwa heshima. Anasema zamani walijaa. Ni kweli walijaa, lakini si kujaa kote kunafaa kutamaniwa. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ulisema wazi kwamba watu washirikishwe kuifikiria, kuipanga na kuitekeleza mipango ya maendeleo yao. Mwaka uliofuata halmashauri za wilaya zikavunjwa na madaraka yakahamishiwa kwa watumishi wa serikali mikoani na wilayani. Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na hadi mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe amehamia. Sehemu nyingi watu walihamishwa kwa nguvu, nyumba za zamani zikabomolewa. Mtu aliyelelewa katika miaka hiyo alijifunza kwamba mkutanoni unaenda kupokea kilichokwisha kuamuliwa, na makofi ni sehemu ya ratiba. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, vyama vingi vikarudi mwaka 1992, lakini mazoea hayakufutwa na sheria. Yakaongezewa jipya: sasa swali lolote linaulizwa limetoka chama gani. Kisha ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019, wagombea wengi wa upinzani wakaenguliwa, vyama vyao vikubwa vikajitoa, na sehemu kubwa ya viti ikajazwa na waliopita bila kupingwa. Mwananchi ambaye mwaka ule hata kura ya mwenyekiti wake hakuipiga, umwambie aache shamba aje mkutanoni kwa sababu gani? Simlaumu kwa kubaki shambani. Ninachosikitikia ni kwamba kubaki kwake kunampa mwenyekiti mkutano wa watu 80, na watu 80 ni rahisi kuwapitishia jambo kuliko 500.

Maana sheria, mwanangu, inakupa nguvu kubwa kuliko unavyofikiri. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ya serikali za mitaa kwa mamlaka za wilaya inasema mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea, ndio mamlaka ya juu katika sera na mambo ya jumla ya kijiji. Mkutano huo ndio unaoichagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Mikutano ya kawaida inatakiwa iitishwe angalau kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu. Kwa hiyo ukisimama kuuliza hujaenda kumwingilia mwenyekiti kazini kwake. Pale wewe ni mjumbe halali wa kikao.

Kwenye ardhi ndiyo kabisa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa msimamizi tu, kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya pamoja, kama uwanja, kisima au eneo la huduma, haitakiwi kumilikishwa mtu binafsi, na inatakiwa iwe imeandikwa kwenye rejesta ya kijiji. Sasa unaona kwa nini lile kaunta buku lilizungushwa mapema. Saini za mahudhurio zinaweza kubandikwa nyuma ya muhtasari unaosema "wananchi wote waliridhia", na huko wilayani afisa anayezisoma hawezi kujua kwamba ulitia saini kabla hujasikia neno "mashine". Sisemi kwamba hapo kwenu ndivyo ilivyofanyika. Nasema ndiyo sababu muhtasari ule inabidi uonekane, na haraka, kabla karatasi hazijasonga mbele. Siku nyingine kaunta buku likipita, mbele ya saini yako andika "nimehudhuria".

Usisimame peke yako, hilo ndilo ombi langu kubwa kwako. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch, kule Marekani, aliwaweka wanafunzi wa chuo chumbani na kuwaonyesha mistari iliyochorwa kwenye kadi. Swali lilikuwa jepesi: mstari upi kati ya hii mitatu unalingana na huu? Mtoto wa darasa la kwanza angejibu. Lakini chumba kizima, isipokuwa mtu mmoja, kilikuwa kimepangwa kujibu uongo kwa sauti moja. Yule mmoja asiyejua, akiona macho yake yanamwambia hivi na watu wote wanasema vile, kama mara moja katika kila tatu alifuata wenzake. Karibu robo tatu ya waliojaribiwa waliufuata uongo ule angalau mara moja. Hakukuwa na mwenyekiti, hakukuwa na mkopo, hakukuwa na msiba, ni mistari tu kwenye kadi.

Kisha Asch akaweka mtu mmoja wa kusema kweli pamoja naye. Mmoja tu, dhidi ya chumba kizima. Kufuata wengi kukashuka hadi kama robo ya ilivyokuwa. Wengi walipoteza nguvu zao kwa sababu ya sauti moja ya pili. Na kuna sehemu ambayo watu hawaisimulii sana, nami naiona ndiyo inayokuhusu zaidi: yule mwenza akianza vizuri halafu katikati akageuka kuungana na wengi, mtu wetu alirudi kuwafuata kama mwanzo. Kwa hiyo usitafute mwenza mwenye hasira kali. Tafuta asiyegeuka.

Yule mjumbe wa halmashauri ya kijiji, kwa hiyo, simwoni kama mwenza wako wa kusimama naye. Ameshaonyesha kwamba akiona wenzake wamekubali naye anakubali. Usimchukie, kwako bado ana faida. Mwombe jambo dogo lisilomwumiza: tarehe ya mkutano ujao, na kama muhtasari wa ule uliopita umeshapelekwa kata. Wa kusimama naye ni kama yule aliyeuliza zahanati itajengwa juu ya mti. Mfuate nyumbani, mchana, mkichambua mchicha, umwambie ukweli: mimi nitauliza swali moja, je, nikikaa chini utasimama useme "na mimi naomba kufahamu hilo"? Basi. Usimwombe hotuba. Akikubali, yeye naye amtafute wake wa tatu. Mkifika wanne au watano mtakuwa mmeshafanya kile walichofanya wale watafiti wa Riyadh: mtakuwa mnajua idadi.

Swali lenyewe liwe swali. Kitu kama hiki: "Mwenyekiti, naomba kufahamu, lile eneo la kati ya shule na kisima limeandikwa kwa matumizi gani kwenye rejesta ya kijiji?" Humo hakuna mwizi, hakuna aliyekula, hakuna chama. Lina jibu moja tu na jibu hilo liko kwenye kabati la mtendaji. Mwenzako aombe muhtasari wa mkutano uliopita usomwe na kuthibitishwa kabla ya jambo lingine, kama utaratibu wa vikao unavyotaka, maana hapo ndipo mahali halali pa kusema "sisi hatukuridhia, tuliulizwa haraka". Na mtu wa tatu apendekeze kwamba jambo kubwa kama hili lirudi kwanza kwenye mikutano ya vitongoji, halafu ndipo lije mkutano mkuu. Napenda sana njia hiyo ya vitongoji. Watu 30 chini ya mwembe, wote majirani, huzungumza. Anayeogopa kusema mbele ya mgeni mwenye gari atasema mbele ya jirani aliyemwazima jembe.

Kabla ya mkutano mwandikie mtendaji wa kijiji barua fupi, ukiomba nakala ya muhtasari wa mkutano ule na taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka iliyopita. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayomtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Andika nakala mbili, moja agonge muhuri kwamba ameipokea, nawe uondoke nayo. Siku zikipita kimya, barua ya pili iende kwa mtendaji wa kata, nakala kwa diwani na kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Barua ikibeba majina matatu au manne itakuwa na uzito zaidi, na hakuna atakayeweza kusema ni yule mama wa maandazi na mdomo wake.

Na uwe tayari kusikia usichokipenda. Mtu anayebeba gunia la mpunga kilomita nyingi hadi mashineni huenda aliunyoosha mkono wake kwa moyo wote. Ukigundua vitongojini kwamba wengi wanaitaka mashine kweli, basi mazungumzo yatakuwa ni ikae wapi, kwa mkataba gani, kijiji kinapata nini kwa mwaka, na zahanati itengewe eneo lipi kwa maandishi. Hayo nayo ni ushindi. Unachopigania ni watu waulizwe na wajibu kweli, hata kama jibu si lako. Inawezekana pia mkauliza kwa utaratibu wote huo na eneo likaondoka. Sitakuficha, hutokea. Lakini mtakuwa mnajuana, na ajenda itakayofuata haitapita ndani ya dakika 10.

Kwa upande wa VICOBA, kipindi hiki usichelewe rejesho hata moja. Hisa nunua kama kawaida, faini usidaiwe, kaa mahali pako pale pale unapokaa. Mambo ya eneo usiyaingize kwenye kikundi kabisa, maana ukiwalazimisha wenzako kuchagua kati yako na mwenyekiti wao utawaumiza bure. Akikutania tena, mjibu kwa heshima kwamba hapa tumekuja kuweka akiba. Na kama ukiweza kumaliza ile laki tatu mapema baada ya mavuno, imalize.

Mume wako usimwombe ruhusa wala usimfiche. Mwambie utauliza swali moja, msomee lilivyo, mwambie na nani atasimama nyuma yako. Wanaume wengi wanaosema funika kombe wanaogopa kushtukizwa hadharani na wake zao kuliko wanavyolipinga jambo lenyewe. Ukimwonyesha karatasi mapema utakuwa umemwondolea hilo.

Mama mkwe wako nimemweka mwisho kwa makusudi. Anakuita mtu wa kuja, na kwa hilo yuko sahihi: wewe hukuwepo eneo lile lilipotengwa. Yeye alikuwepo. Jioni moja mkiwa jikoni muulize lilitengwa mwaka gani, nani alikuwa mwenyekiti, nani alipima kwa hatua, mipaka ilikuwa mti upi na upi, zahanati ilisemwa na nani. Usimwambie unataka kwenda kusema. Muulize kama mkwe anayetaka kuijua historia ya nyumba aliyoolewa, maana ndivyo ilivyo, na andika majibu yake kwenye daftari la mtoto. Bibi wa umri huo akisimama mkutanoni na kusema, "Mimi nilikuwepo, eneo lile tulilitenga wenyewe," hakuna atakayethubutu kumwita mchochezi, na mtu wa pili uliyekuwa unamtafuta atakuwa amepatikana ndani ya nyumba yako. Anza na yeye wiki hii, kabla hata ya barua kwa mtendaji.